Wino Gani, Rangi Ngapi?
Somo kwa anayeagiza bango na kwa anayekusudia kununua mashine ya kulichapa

Yeyote aliyewahi kutazama bango kuukuu, liwe la duka la dawa, la saluni au la kampeni zilizopita, katika soko la Mabamba au stendi ya Kasulu, amekwisha kuliona jambo tunalotaka kulieleza hapa. Uso wa mtu aliyepigwa picha umegeuka wa kibuluu, nyanya zimepoteza wekundu wake, na maandishi meusi ndiyo pekee yaliyobaki na nguvu. Hilo halitokei kwa bahati mbaya. Katika wino mwingi, rangi ya majenta na ya njano huchoshwa na jua mapema kuliko samawati na nyeusi. Zikishaondoka hizo mbili, kinachobaki ni buluu na kivuli cha weusi. Mwenye bango alilipia rangi nne, na sasa amebaki na mbili.

Katika nyanda za juu za Kigoma bango si pambo tu. Mabamba iko mpakani, na soko lake hukutanisha wakulima na wachuuzi wa Wilaya ya Kibondo na jirani zao wa Burundi. Mgeni anayekuja siku ya soko hulitafuta duka kwa kibao chake. Kikundi cha akina mama wanaosaga muhogo, au cha wafuga nyuki, kinaweza kutumia akiba ya miezi kadhaa ya hisa za wanachama kulipia kibao kimoja na lebo za bidhaa. Kibao hicho kikififia kabla ya msimu kuzunguka, hasara ni ya kikundi, kwa kuwa mchapaji amekwisha kulipwa zamani.

Swali ambalo wateja wengi huuliza dukani ni hili: mashine yenu ni ya rangi ngapi? Wachapaji wanalijua, ndiyo maana baadhi yao huandika "rangi sita" au "rangi nane" mlangoni kwa herufi kubwa. Ni swali halali, lakini kwetu sisi ni la pili. La kwanza linahusu aina ya wino, kwa sababu wino ndio unaoamua kama bango litaiona mvua ya mwaka ujao. Idadi ya rangi huamua jambo dogo zaidi, nalo ni jinsi picha itakavyolainika machoni pa mtu aliyesimama karibu.

Wino umeundwa na nini

Wino wa printa una sehemu mbili kuu: rangi yenyewe, na kimiminika kinachoibeba. Rangi nazo ni za namna mbili. Ya kwanza huyeyuka kabisa, kama sukari katika chai. Hung'aa na hupendeza, lakini maji yaliyoiyeyusha ndiyo hayohayo yatakayoiondoa, na mwanga wa jua huivunja upesi. Ya pili huitwa pigimenti. Hii ni chembe ndogo mno zinazoelea bila kuyeyuka, kama unga wa muhogo uliokorogwa katika maji baridi. Chembe moja ya pigimenti imebeba rangi nyingi iliyoshikamana, na jua huchukua muda mrefu zaidi kuimaliza.

Printa ndogo za matangi zilizomo katika steshenari nyingi, zile zinazochapa karatasi za A4, mara nyingi hutumia rangi iliyoyeyuka, walau kwa rangi tatu zisizo nyeusi. Kwa kazi ya mwanafunzi au picha ya albamu hazina kasoro. Kasoro hutokea pale zinapotumika kuchapa lebo za chupa za asali. Asali hunata, muuzaji hupangusa chupa kwa kitambaa kibichi, na jina la kikundi linaondoka na kitambaa. Mwenye kuagiza lebo za namna hiyo ajaribu moja kabla ya kulipia mia tano: aiache ikauke siku nzima, kisha aisugue taratibu kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji. Kitambaa kikipata rangi, lebo hiyo haifai kwa chupa.

Mabango makubwa yanayochapwa kwenye turubai la plastiki, ambalo mafundi huliita fleksi, na stika zinazobandikwa ukutani au kwenye gari, huhitaji wino wa aina nyingine. Wino unaozoeleka zaidi kwa kazi hizo hapa kwetu ni wa solventi. Kimiminika chake hulainisha kidogo uso wa plastiki, chembe za pigimenti zikazama humo, kisha kimiminika kinakauka na kuziacha zimeshikwa. Ndiyo sababu mvua haiziondoi. Solventi yenye nguvu huuma plastiki vizuri na hukauka upesi, lakini ina harufu kali, hushika moto kwa urahisi, na haifai kuvutwa puani siku nzima katika chumba kisicho na madirisha.

Ile inayoitwa eko-solventi ni ya kiasi zaidi. Harufu yake ni ndogo, nayo huhitaji mashine yenye vipasha joto ili ikauke. Neno "eko" lisimpotoshe mtu. Halina maana kwamba wino huo ni salama kuvutwa au kumwagwa mtaroni. Maana yake ni kwamba una makali madogo kuliko ule wa kwanza. Fundi anayeutumia bado anahitaji chumba kinachopitisha hewa, na wino usihifadhiwe karibu na jiko. Stika iliyochapwa kwa wino huu iachwe ipumue kwa takriban saa 24 kabla ya kufunikwa kwa laminesheni. Ikifunikwa mapema, kimiminika kilichobaki ndani hulegeza gundi na pembe zikaanza kujikunja. Mteja anayesimama mlangoni akimharakisha fundi anaweza kuwa ndiye chanzo cha stika yake kubanduka.

Zipo aina nyingine tatu ambazo msomaji anaweza kuzisikia akienda Mwanza au Dar es Salaam. Lateksi ni wino wa maji wenye chembe za plastiki zinazoyeyushwa kwa joto hadi zikawa utando. Kampuni ya HP iliuingiza sokoni mwaka 2008, nao hauna harufu kali ila hula umeme mwingi. Wino wa urujuanimno hugandishwa papo hapo kwa taa maalumu, na huweza kuchapwa juu ya bati, kioo au mbao. Sablimesheni ni ya vitambaa vya poliesta kama jezi za mpira: rangi hugeuka mvuke kwa joto la takriban nyuzi 200 za Selsiasi na kuingia ndani ya nyuzi. Fulana ya pamba haiishiki ipasavyo, na anayeahidi kinyume chake aombwe kuonyesha fulana ya pamba aliyoichapa kisha ikafuliwa mara tano.

Jua letu na vumbi letu

Ahadi nyingi za watengenezaji wa wino, kwa mfano kwamba chapa itadumu nje hadi miaka mitatu bila kufunikwa, huambatana na masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo: bango liwe wima, na hali ya hewa iwe ya wastani. Kibondo ipo takriban nyuzi tatu na nusu kusini mwa Ikweta, na nyanda hizi zimepita mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba kila mita 1,000 za mwinuko huongeza mionzi ya urujuanimno kwa takriban asilimia 10. Kwa hiyo msomaji asiihesabu miaka mitatu ya karatasi ya mtengenezaji kuwa miaka mitatu ya Mabamba.

Liko pia vumbi jekundu la kiangazi. Kila linapofutwa kwa kitambaa kikavu hukwangua uso wa chapa kama msasa mwembamba. Bango lioshwe kwa maji mengi na sabuni kidogo. Lisisuguliwe likiwa kavu. Laminesheni husaidia pande zote mbili, dhidi ya mkwaruzo na dhidi ya jua, na kwa stika ya gari tunaiona kuwa ni ya lazima. Kwa kibao cha duka, baraza pana linalokitia kivuli saa za mchana hufanya kazi kubwa kuliko rangi mbili za ziada, tena bila gharama mpya.

Rangi nne, sita, nane

Rangi za msingi za uchapaji ni samawati, majenta, njano na nyeusi. Kutokana na hizo nne hutoka karibu kila kitu tunachokiona barabarani. Chukua bendera ya Taifa: nyeusi na njano hutoka moja kwa moja katika matangi yake, kijani hupatikana kwa kuchanganya samawati na njano, na buluu hutegemea zaidi samawati. Bendera haihitaji mashine ya rangi nane. Vivyo hivyo kibao chenye jina la duka, namba ya simu na mshale wa kuelekeza.

Rangi ya tano na ya sita, katika mashine nyingi, si rangi mpya. Ni samawati hafifu na majenta hafifu. Kazi yake inaonekana pale picha inapofifia polepole kutoka rangi nzito hadi nyeupe, kama kwenye shavu la mtoto au anga la asubuhi. Mashine ya rangi nne hutengeneza weupe-weupe huo kwa kutawanya matone machache ya wino mzito, na mtu aliye karibu anaweza kuyaona kama chenga. Wino hafifu huweka matone mengi yenye rangi kidogo, na chenga hazionekani.

Lakini nani yuko karibu? Jicho zima hutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa takriban milimita 0.3 mtu akiwa umbali wa mita 1. Akiwa mita 5, nukta hizo zinapaswa kuachana kwa milimita 1.5 ndipo azione mbili. Bango lililotundikwa juu ya mlango wa duka husomwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara, na bango la njia panda husomwa na mwendesha bodaboda aliye mbali zaidi ya hapo. Chenga za wino hazifikii ukubwa huo. Anayelipia rangi sita kwa bango la njia panda amelipia uzuri ambao hakuna atakayeuona. Picha ya arusi ya kutundikwa sebuleni ni jambo jingine, na pia picha ya marehemu inayowekwa mbele ya waombolezaji. Watu husimama hatua moja mbele yake, wakatazama uso. Hapo rangi sita zina haki ya bei yake.

Rangi za saba, nane na kuendelea huwa za namna mbalimbali: machungwa, kijani, zambarau, kijivu, au nyeupe. Machungwa na zambarau husaidia rangi kali ambazo nne za msingi hazizifikii, kwa mfano machungwa ya kitenge. Nyeupe inahitaji maelezo yake. Printa ya kawaida haina wino mweupe. Weupe unaouona ni weupe wa turubai au wa karatasi. Kwa hiyo stika angavu ya kubandika kwenye kioo cha duka, ikichapwa bila wino mweupe chini yake, itaonekana kama rangi za maji. Anayetaka stika ya kioo amwulize mchapaji kama mashine yake ina nyeupe, au kama ni afadhali achape kwenye stika nyeupe na kuikata kufuata umbo.

Jambo moja huwaponyoka hata wateja makini. Mashine yoyote inaweza kuendeshwa kwa mwendo wa haraka unaomwaga wino mchache, na bango likatoka hafifu lenye mistari ya kulala. Kwa makadirio ya kawaida, mita moja ya mraba hutumia mililita 10 hivi za wino, zaidi au pungufu kufuatana na picha. Bango la mita 3 kwa 2 basi hutumia mililita 60, ambazo ni sawa na kikombe kimoja kidogo cha kahawa. Mchapaji akipunguza theluthi ya hicho kikombe anajiokolea kidogo sana, na mwenye duka anapoteza miezi ya maisha ya bango lake. Mteja ana haki ya kusema anataka mwendo wa ubora, na kuandikiwa hivyo.

Kwa kikundi kinachotaka kununua mashine

Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya vijana huvutiwa na mashine za kuchapa, na wazo hilo si baya mahali ambapo bango huagizwa kutoka mji wa mbali. Mkopo hauna riba, lakini una marejesho, na mashine iliyoziba haileti marejesho.

Kuziba ndiko adui mkuu. Wino hupita katika matundu membamba kuliko unywele, na mashine isipofanya kazi wino hukaukia humo. Ili kuzuia hilo, mashine hujisafisha kwa kutoa wino katika kila tundu la kila rangi, iwe ilitumika juma hilo au haikutumika. Mashine ya rangi nane inayopata kazi mbili kwa juma itamwaga wino wa rangi nane katika chombo cha taka ili ichape mabango yanayohitaji nne. Wino mweupe ni mgumu zaidi, kwa sababu pigimenti yake ni nzito na hutuama chini kama mchanga ndani ya mtungi. Kichwa cha kuchapia kikifa, bei yake inaweza kumeza faida ya msimu mzima, na fundi wa kukibadilisha huenda akatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kibondo.

Ushauri wetu kwa kikundi kinachoanza katika mazingira haya ni mashine ya eko-solventi ya rangi nne. Hatuoni sababu ya kuanza na zaidi. Kama muuzaji ana mashine yenye njia nane, aulizwe kama inaweza kupangwa rangi nne mara mbili. Mpangilio huo huongeza kasi bila kuongeza aina za wino wa kuhifadhi. Aulizwe pia bei ya kichwa, bei ya lita ya kila rangi, tarehe ya mwisho ya matumizi iliyopigwa kwenye chupa, na umeme unaotumiwa na vipasha joto. Majibu yaandikwe kabla ya kikundi kutia sahihi. Kifaa cha kuhimili umeme unaokatika kihesabiwe ndani ya bei ya mashine tangu mwanzo, maana umeme ukizimika kichwa kikiwa katikati ya kazi, hakirudi mahali pake pa kufunikwa.

Kuhusu wino wa bei nafuu, tunaomba tofauti moja ieleweke. Wino mbadala, uliotengenezwa na kampuni nyingine na kuuzwa kwa jina la kampuni hiyo, ni bidhaa halali. Unaweza kuwa mzuri au mbaya, na hujaribiwa. Wino bandia ni ule unaovaa jina na nembo ya mwingine. Huo umekatazwa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusika nao. Chupa ambayo muhuri wake umefunguliwa, au ambayo maandishi yake yanafutika kwa kidole, ikataliwe dukani papo hapo. Aina mbili za wino zisichanganywe ndani ya mashine moja kabla ya mabomba yake kusafishwa. Baadhi hugandana zikikutana.

Kabla ya kulipa

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora au sifa za bidhaa na huduma. Nayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kuutegemea ujuzi wake. Kwa hiyo maneno anayoyasema mteja mwanzoni yana uzito. Asiseme tu "nataka bango". Aseme: "Nataka bango la kukaa nje, juani, mwaka mzima." Kisha aombe oda au risiti iandikwe aina ya wino, ubora wa mwendo wa kuchapa, vipimo, na kama lina laminesheni. Risiti iwe ya mashine ya kielektroniki. Mchapaji mwaminifu hatakasirika; mara nyingi atafurahi kupata mteja anayejua anachokitaka.

Tunapendekeza pia mteja aombe kipande cha chapa hiyohiyo, chenye upana wa kiganja. Nusu ya kipande ifunikwe kwa karatasi nzito nyeusi, kisha kipande chote kianikwe juu ya paa kwa mwezi mmoja. Ukiifunua nusu ile na kuzilinganisha, utajua jinsi wino unavyopungua. Kwa kibao cha duka moja huenda mtu akaona ni kazi ya bure. Kwa kikundi kinachotaka kuchapa mabango ishirini, au shule inayotaka kupaka picha ukuta mzima, mwezi mmoja wa kusubiri ni bei ndogo.

Bango likififia mapema kuliko ilivyoandikwa, lipigwe picha likiwa bado limetundikwa, pamoja na kipande kilichohifadhiwa ndani. Lalamiko lipelekwe kwanza kwa mchapaji, kwa maandishi, na nakala ibaki kwa mlalamikaji. Asipojibu, hatua inayofuata ni Afisa Biashara wa Halmashauri, au Tume ya Ushindani. Risiti, oda na picha viambatanishwe kwa pamoja. Maandishi ya risiti za kielektroniki nayo hufifia haraka, hasa zikiwekwa juani au mfukoni, hivyo risiti hiyo itolewe nakala ya fotokopi siku ileile iliyopokelewa.